Uzoefu wangu wa kuongoza gridi baada ya umeme wa upepo kuunganishwa

Nilikuwa nimekwisha kukaa miaka kadhaa katika chumba cha kuongozea gridi wakati mitambo ya kwanza ya upepo ilipounganishwa kwenye njia zetu za msongo mkubwa. Kama wenzangu wengi wa zamu, niliamini kwamba shida yetu ingekuwa upepo wenyewe, ambao asubuhi huvuma na jioni hutulia bila kumwuliza mtu. Niliyoyaona baadaye yalinilazimu kujifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde, na kipimo cha ulinganifu huo ni frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwetu hutakiwa kukaa kwenye hezi 50: uzalishaji ukizidi matumizi hupanda, ukipungua hushuka. Upepo una ugumu wake hapo, kwa sababu nguvu iliyomo ndani yake hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kiasi kwamba kasi ikipungua kwa nusu, nguvu inayobaki ni sehemu moja tu ya nane. Tena dhoruba nayo ina hatari yake, kwa kuwa mitambo mingi hujizima ili isivunjike kasi inapofika takriban mita 25 kwa sekunde, na mitambo iliyokuwa ikizalisha kwa uwezo wake wote yaweza kunyamaza ndani ya dakika chache.

Sehemu hiyo tuliimudu mapema kuliko nilivyotarajia. Badala ya utabiri wa mara moja kwa siku, tuliomba utabiri wa kila saa, maana kosa la utabiri hupungua sana kadiri muda husika unavyokaribia. Dhoruba ilipotabiriwa, niliwaagiza waendeshaji wapunguze uzalishaji hatua kwa hatua kabla haijafika, nikaona ni heri kuacha megawati chache kwa hiari kuliko kupoteza zote kwa mpigo. Mabwawa yalitusaidia zaidi ya chochote: upepo ukivuma tuliyabana maji, ukitulia tukayafungulia. Sijaona mshirika wa upepo aliye bora kuliko bwawa lenye maji ya kutosha.

Kilichonitia hofu ya kweli kilitokea usiku mmoja ambao upepo ulikuwa unavuma vizuri kabisa. Radi ilipiga njia moja ya msongo mkubwa, mbali na mitambo ya upepo, na vifaa vya kinga vikaitenga njia hiyo kama inavyotakiwa. Volti ilizama kwa muda mfupi mno, chini ya robo ya sekunde, kisha ikarudi. Kwa gridi yetu ya zamani tukio kama hilo lilikuwa la kuandika mstari mmoja kwenye daftari la zamu. Usiku ule, karibu mitambo yote ya upepo ilijitoa kwa pamoja, frikwensi ikashuka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na kinga ya mwisho ikawakatia umeme baadhi ya wateja ili wengine wabaki.

Asubuhi wengi walisema upepo ulikatika. Nilikataa kusaini taarifa yenye maneno hayo kabla ya kusoma kumbukumbu za vipimo, na kumbukumbu zilionyesha kwamba kasi ya upepo haikubadilika hata kidogo. Mitambo ilijitenga kwa sababu ilikuwa imepangwa kujilinda volti ikizama, kwa kiwango ambacho hakuna mtu upande wetu aliyewahi kukiuliza wakati wa kuiunganisha. Kosa hilo lilikuwa letu pia, nami nililihesabu kuwa langu.

Nilirejea kisa cha jimbo la Australia Kusini cha tarehe 28 Septemba 2016, ambacho nilikuwa nimekisoma zamani bila kukitafakari. Dhoruba iliangusha njia za kusafirisha umeme, volti ikazama mara kadhaa katika muda wa dakika mbili hivi, na mitambo mingi ya upepo ikapunguza uzalishaji kwa megawati 456 ndani ya sekunde zisizotimia 7, kwa kuwa ilikuwa na ukomo wa idadi ya mizamo ya volti inayoweza kuvumilia. Njia ya kuunganisha jimbo na jirani yake ilielemewa, ikajitenga, na jimbo lote likaingia gizani. Baadaye mipangilio ile ilirekebishwa, na mitambo ni ileile.

Kwa hiyo tulidai mipangilio ya kinga ya kila aina ya mtambo kwa maandishi, tukaijaribu kwenye kompyuta dhidi ya hitilafu zetu halisi za miaka iliyopita, na tukaweka sharti kwamba mtambo ubaki umeunganishwa volti inapozama na usaidie kuiinua. Majadiliano yalichukua miezi, lakini sikulegeza sharti hilo.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kulieleza kwa wakubwa. Mitambo mikubwa ya maji na ya mvuke ni vyuma vizito vinavyozunguka kwa mwendo mmoja na gridi, na ukinzani wa vyuma hivyo dhidi ya kubadilishwa mwendo, ambao wanafizikia huuita inesha, huchelewesha kushuka kwa frikwensi hadi uzalishaji wa akiba uingie. Mitambo ya kisasa ya upepo hupitisha umeme wake kwenye vigeuzi vya kielektroniki, hivyo uzito wa mapanga yake hauisaidii gridi moja kwa moja. Saa za usiku wa manane, matumizi yakiwa madogo na upepo mwingi, tulikuwa tumezima mitambo mizito mingi mno. Nikapendekeza idadi ya chini ya mitambo hiyo ambayo haizimwi kamwe, hata kama ni lazima upepo fulani uachwe upite, jambo lililoniuma. Ayalandi walipita njia hiyohiyo: waliweka kikomo cha asilimia 50 kwa umeme wa namna hii kwa wakati mmoja, wakakipandisha kwa majaribio ya hatua kwa hatua hadi asilimia 75 mwaka 2022. Betri zilipofika kwetu, zenye uwezo wa kuitikia chini ya sekunde moja, nasi tulianza kukilegeza kikomo chetu.

Msimu uliofuata radi ilipiga njia ileile, tena usiku, upepo ukivuma kwa nguvu. Frikwensi ilitikisika kidogo tu, mitambo yote ya upepo ikabaki mahali pake, na hakuna mteja aliyekatiwa. Niliandika tukio hilo kwenye daftari la zamu, na lilitosha mstari mmoja.