Nilivyoigeuza kwaya kuwa tofali

Ya leo ni ya aibu kidogo lakini acha niseme tu. Mwezi uliopita nilirekodi kwaya moja huko Busia, upande wetu wa Uganda, watu kumi na wawili, nyimbo nne, ndani ya chumba cha mabati ambacho mchana hakikaliki, kwa hiyo tukangoja usiku, tukazima feni, tukafunga milango. Feni niliikumbuka. Friji ya soda iliyokuwa chumba cha pili sikuikumbuka bana, na ndiyo iliyonimaliza.

Miksi ilienda poa, shida ikaja kwenye mastaringi. Kwa wasiojua, miksi ni kupanga nani asikike wapi, mastaringi ni ile hatua ya mwisho wimbo ukiwa tayari faili moja la stereo, unausawazisha, unaupa nguvu na kuhakikisha nyimbo zote zinakaa ukubwa mmoja. Mi natumia Audacity, ni ya bure na laptopu yangu ni mzee, zile programu za pesa zinaigandisha.

Sasa friji. Umeme wetu ni wa hezi 50, yani unatikisika mara 50 kwa sekunde, basi ule mvumo unakaa hapo 50 na wenzake wako 100, 150, unajulikana kabisa nyumbani kwake. Mi badala ya kuufuata huko nikachukua sampuli ya sekunde mbili za kimya kabla hawajaanza kuimba, nikaiambia programu toa kelele yote inayofanana na hii, nikavuta mpaka desibeli 24. Kelele ikaisha kweli! Na kwaya nayo ikawa kama inaimba ndani ya mtungi, kila "s" inalia kama shilingi zinamwagika.

Hapo mtu mwenye akili angerudi nyuma. Mi nikaongeza kompresa, ile inayobana sauti kubwa zikaribiane na ndogo, alafu limita juu yake, ile inayozuia sauti isivuke kiwango ulichoweka, nikasukuma tu nikasukuma mpaka mita ikasoma -7 LUFS, yani kile kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na kwenye skrini wimbo ukawa tofali, hakuna mlima hakuna bonde. Saa saba usiku na hedifoni masikioni nikaona ni moto. Asubuhi nikamtumia mwalimu wa kwaya.

Akapiga. "Mwanangu, yule mama yetu wa alto umempeleka wapi? Na ule ubeti wa taratibu mbona unapiga kelele sawa na kiitikio?"

Nikamwambia mzee labda ni simu yako. Akanyamaza. Kile kimya cha wazee mnakijua.

Jioni niko kwenye taxi natoka Ntinda, mtaa wa Kampala, nikamwomba dereva achomeke flashi yangu. Wimbo ulikuwa mkubwa ndio, lakini unachosha, yani besi ikiingia sauti zingine zote zinazama, ikitoka zinaibuka, na hatujafika mbali abiria wa nyuma akasema ssebo (yani bwana) punguza hiyo kitu.

Nikaanza upya kutoka kwenye WAV ya miksi, lile faili zito la sauti isiyobanwa (usifute miksi jamani). Kelele nikapunguza desibeli 6 tu. Chini ya hezi 70 nikakata, hapo ule mvumo wa 50 ukaenda nao, alafu noch, yani kichujio kinachokata sehemu moja ndogo tu, nyembamba sana kwenye 100 na 150, nyembamba kwa sababu huko ndiko wazee wa besi wanakoishi. Kompresa ya upole, 2:1, ikipunguza desibeli mbili hivi. Limita ikasimama desibeli -1. Nikaishia -14 LUFS, maana hata ukipeleka -7, Spotify na YouTube wanakushusha tu karibu na hapo hapo, unabaki na tofali lililopunguzwa volyumu. Friji bado unaisikia kwa mbali mwanzoni mwa wimbo wa pili, nimeiacha.

WAV inakula kama MB 10 kila dakika, nyimbo nne ni karibu 190, bando langu likakataa, nikampa flashi konda wa gari la Busia. Mwalimu akapiga tena, safari hii yule mama wa alto amemsikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa tatu. Jumapili wakaupiga kanisani, na fundi wa mitambo akapandisha volyumu mpaka taa nyekundu.