Siku moja ya kukadiria bei ya rili ya kale

Saa mbili asubuhi rili iko mezani, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi wa kuvulia samaki. Mwenyewe anataka kuiuza, ilikuwa ya marehemu babu yake, nilimwomba kitu kimoja tu asiisafishe, na kweli kanisikiliza. Ule weusi wa miaka kwenye chuma wakusanyaji wanaulipia jamani, ukishaung'arisha haurudi.

Saa tatu nasoma maandishi. Ni Hardy, kampuni ya vifaa vya uvuvi ya Alnwick huko Uingereza, modeli ya Perfect. Watu wakiona Hardy tu wanajua wametajirika, ila Perfect ilianza kuuzwa 1891 ikatengenezwa mpaka miaka ya 60 halafu baadaye ikarudishwa tena sokoni, kwa hiyo zipo nyingi. Zinazogombaniwa mnadani ni zile za mwanzo kabisa za shaba tupu. Hii ni ya alumini. Nzuri, ina wateja, lakini bei yake ni nyingine.

Saa nne mpaka sita ndo kazi yenyewe, na sipendi kuharakishwa hapa. Napima upana kwa rula, maana saizi moja na nyingine hazilingani bei. Naangalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechunika ujue kuna mtu kaingia na bisibisi isiyo yake na huenda kabadilisha kitu ndani. Hivi ni safi kabisa. Pete ya jiwe la akiki inayopitisha mshipi naizungusha kwenye mwanga taratibu, ufa mdogo tu unakula hela, haina ufa, nikafurahi sana. Ndani beringi zipo zote na herufi za fundi aliyeiunganisha zinasomeka, hizo zinasaidia kujua imetoka kipindi gani. Halafu nikafika kwenye mguu, ule unaokaa kwenye rodi, yaani fimbo ya kuvulia. Umepigwa tupa. Wavuvi wa zamani walikuwa wanaupunguza ili uingie kwenye rodi zao na mimi nawaelewa kabisa, walinunua wavue, ila mkusanyaji akiona hivyo anashusha bei palepale.

Saa saba naizungusha nikiwa nimeiweka sikioni. Kliki iko sawa, haikwami.

Saa nane naingia kwenye bei. Bei ambayo muuzaji kaandika siihesabu, mtu anaweza kuandika chochote na rili ikakaa mwaka mzima, mimi nafuata zilizouzwa kweli, saizi ileile, kipindi kilekile, na zile zenye boksi lake la asili naziweka pembeni kwa sababu hii haina. Zikibaki chache za kufanana nachukua zile ambazo mguu umeguswa, hapo ndo napata bei ya chini na ya juu.

Saa kumi nampigia mwenyewe namsomea zote mbili. Kaumia kidogo kuhusu mguu. Nikamwambia dada, picha ya mguu iweke mwanzoni kabisa na uandike umepigwa tupa, mnunuzi asije akagundua hilo rili ikiwa imeshafika kwake akadai kurudishiwa hela. Kakubali, anapiga picha kesho asubuhi.