Kuunganisha diski kadhaa: anza na siku moja itakapokufa

Wengi huchagua namna ya kuunganisha diski kwa kutazama kasi na ujazo. Kabla ya hayo jiulize: diski moja ikifa, nini kitabaki, na kurejesha kutachukua muda gani?

Njia nyepesi ni kuzipanga mfululizo ziwe ujazo mmoja, kwa LVM (kisimamizi cha ujazo wa diski cha Linux) kwa mfano. Diski ya TB 2 na ya TB 4 zinakupa TB 6 kamili, ila moja ikifa mfumo wa faili unavunjika. RAID ni namna za kufanya diski kadhaa zitumike kama moja, na RAID 0 ni hatari zaidi: kila faili kubwa hukatwa vipande na kusambazwa kwenye diski zote, kwa hiyo hakuna inayosalia nzima. Iwekee kazi za muda tu, kama video unazohariri huku asili yake iko kwingine.

Kwa diski mbili, mimi naichagua RAID 1, ambayo huweka nakala ileile kwenye kila diski, bila kusita. Kwenye Linux:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc

Amri hii inafuta kilichomo, basi hakiki majina kwa lsblk (amri inayoorodhesha diski) kwanza. Ujazo utafuata diski iliyo ndogo.

RAID 5, inayotenga ujazo wa diski moja kwa pariti (data ya ziada ya kukokotolea kilichopotea), ndiyo inayowaponza watu. Diski nne za TB 4 zinakupa TB 12 na zinastahimili kifo cha moja. Lakini kujaza diski mpya kunalazimu kusoma zile tatu zote, mwanzo hadi mwisho. Hata kwa MB 150 kwa sekunde bila kazi nyingine, ni zaidi ya saa saba, na diski zilizobaki mara nyingi zina umri uleule wa iliyokufa. Diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hupandana, huzidisha muda huo mara kadhaa. Kwa diski kubwa nenda RAID 6, inayostahimili kifo cha diski mbili, au RAID 10, yaani jozi za RAID 1 zilizounganishwa kwa RAID 0, ukitaka kasi ya kuandika.

Kuna tatizo jingine lisilosemwa vya kutosha. Diski za kawaida zikikuta sekta mbovu hurudia kuisoma hata zaidi ya dakika moja, ilhali Linux husubiri sekunde 30. Muda ukipita, diski nzima inaweza kutolewa kwenye safu (kundi la diski za RAID) kwa kosa la sekta moja. Ipe kikomo cha sekunde 7:

smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb

Diski nyingi husahau mpangilio huu umeme ukizimwa, kwa hiyo uweke kwenye skripti ya kuwasha. Diski ikiukataa, andika 180 ndani ya /sys/block/sdb/device/timeout.

Kwa maktaba ya filamu na picha zisizobadilika sana, mergerfs (huonyesha diski kadhaa kama folda moja) pamoja na SnapRAID (hukokotoa pariti kila unapoiagiza) ni bora kuliko vyote hivyo. Kila diski hubaki na mfumo wake wa faili, ujazo ukitofautiana si kitu, na ya pariti isiwe ndogo kuliko kubwa ya data. Kumbuka tu kwamba kilichoongezwa baada ya sync ya mwisho, yaani pariti ilipokokotolewa mara ya mwisho, hakina kinga.

Bekapu bado inahitajika: ukifuta faili, RAID 1 inaifuta kotekote papo hapo.

Tazama /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu, mara kwa mara. [UU] ni salama, [U_] moja imetoka. Kabla ya kuichomoa, linganisha namba yake ya utambulisho kwa smartctl -i na ile ya kwenye lebo, kwani ukichomoa nzima badala ya mbovu, safu yote inasimama.