Nafasi ya 128

Jana jioni Mama alipiga simu kutoka Tukuyu. Shikamoo, marahaba, mvua ipo, ndizi zipo, halafu akaingia kwenye lililomfanya apige. "Hivi viboksi mnavyonitumia mwisho wa meseji ni nini? Nimemwonyesha jirani, naye hajui." Simu yake ni kitochi. Wajukuu wanamtumia mioyo, yeye anapokea viboksi vitupu. Nikamwambia ni moyo, Mama, simu yako haijui kuuchora tu. Akafurahi, akaniaga. Mimi nikabaki na simu mkononi, namkumbuka Matamba.

Kidato cha tatu, mwezi wa saba. Waliosoma bweni Mbeya wanaujua mwezi wa saba: maji ya asubuhi yanauma vidole, na sweta huvui hata darasani. Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa na mashine 12, zinazowaka 7, na sisi tulikuwa 41. Wiki ile umeme ulikatika Jumatatu, na Alhamisi ulikuwa haujarudi. Mwalimu wetu alikuwa kijana, na somo lenyewe alilipenda mno. Hakutaka kipindi kingine kipotee. Akasema tutoke nje.

Akachagua wanafunzi 8, akatupanga mstari mmoja kwenye majani yenye umande, tukitazamana na wenzetu. Kila mmoja akapewa karatasi ya daftari yenye namba yake: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa, moja. Upande wa pili wa mstari, kwenye 128, alikuwa Matamba. Hilo si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu kwao ni Matamba, Makete, unakopandia Chimala kwa ile barabara ya kona, na yeye baridi ya Mbeya aliiita ya watoto. Alilala kitanda cha juu yangu.

"Ukisimama wewe ni moja, ukichuchumaa wewe ni sifuri," mwalimu akasema. "Ndani ya mashine hakuna kingine."

Akatuambia tuandike jina la mji wetu. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. M ni 77. Akasimama 64, akasimama 8, akasimama 4, nikasimama mimi, na darasa likawa linajumlisha kwa sauti: 64, 72, 76, 77! B ni 66. Nikachuchumaa, mwenye 2 akainuka. E, 69. Y, 89. A, 65. Katika herufi tano mimi nilisimama mara nne. Mwenye 64 hakuchuchumaa kabisa. Mwenye 32 hakusimama hata mara moja, akaanza kulalamika miguu, basi mwalimu akasema sasa tuandike kwa herufi ndogo. Hapo 32 akasimama kwa kila herufi, maana A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97, na tofauti yao ni yeye. Nakumbuka nilivyoshtuka. Herufi niliyokuwa naibonyeza kila siku bila kuifikiria, kumbe ndani yake kuna mstari wa watu, na mmoja akiinuka inakuwa nyingine.

Matamba alikuwa hajasimama. Alikuwa amechuchumaa karibu nusu saa, mikono ameiingiza ndani ya sweta, karatasi yake ameibana kwa magoti isilowe. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nasimama lini?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Loleza wote, na yeye akautazama kwanza, kama mtu anayetafuta namna ya kusema ukweli bila kuumiza.

"Kwa herufi hizi, husimami," akasema. "Zote zinaishia 127. Lakini usiondoke hapo. Ukiondoka wanabaki saba, na baiti, yaani mstari mzima kama huu, ni nane."

Matamba akautazama mstari wetu wote, kutoka kwake hadi kwangu, taratibu, mtu mmoja mmoja. "Sawa, mwalimu." Akabaki amechuchumaa mpaka kengele. Alipotaka kuinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikakimbia kutoka upande wangu, nikamshika mkono.

Januari hakurudi. Ilikuwa kabla ya 2016, ada ya sekondari za serikali bado ilikuwapo, na bweni lilikuwa na gharama zake. Kitanda cha juu akapewa mwingine. Nikasikia ameolewa, nikasikia yuko Mbarali kwenye mpunga, nikasikia anauza viazi Uyole. Sikufuatilia. Nilikuwa na mtihani wa taifa mbele yangu. Nikafaulu, nikaendelea, nikaenda chuo.

Chuoni, mwaka wa pili, tukafundishwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, waliobuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Walitaka lugha zote ziandikike bila kuharibu zile herufi za zamani za ASCII, orodha ile ile ya mwalimu wetu, ya tangu 1963. Walichokitumia ni nafasi ya kwanza, ile iliyokuwa imekaa bure. Kiarabu, Kichina, picha ndogondogo: chochote kilicho nje ya zile herufi za zamani, kila baiti yake ina 128 imesimama. Alama ya moyo ni baiti tatu, na zote tatu zinaanza na moja. Mhadhiri akaendelea na slaidi nyingine. Mimi sikusikia tena. Nilikuwa naiona karatasi iliyobanwa kwa magoti.

Nimejaribu kupata fundisho hapa, na kila nikilishika linaponyoka. Nafasi ya namba inaweza kusubiri miaka 29 mtu aje aone kazi yake. Yeye alipewa muhula mmoja. Na mwalimu hakukosea. Alijibu kwa herufi zilizokuwapo siku ile.

Kila Desemba tukienda kwa Mama tunasimama Uyole. Wanawake wanasogea dirishani na viazi, nami huwauliza kama yupo wa Matamba. Mwaka jana mmoja akasema ndiyo, yeye, unamtafuta nani? Nikataja jina lake la kweli. Akafikiri, akalirudia polepole, akasema wenye jina hilo kwao ni wengi, nimpe na la baba. La baba sikulijua. Nikanunua sado mbili, nikamwachia namba yangu ya simu.