Vile tulikomesha wezi wa kuvunja milango kwa ploti yetu Umoja, Nairobi

Hawa wezi walikuwa wanakuja mchana watu wakiwa kazini, wanakata padloki, wanabeba mtungi wa gesi na tivii, na keateka, yule msimamizi wa ploti, hajaona kitu. Kilichosaidia sana ni mlango wenyewe. Nilienda kwa fundi wa jua kali akanichomelea kasha la chuma la kufunika padloki, limezibwa pande zote isipokuwa chini pale unapitisha mkono na ufunguo, sasa ile mikasi mikubwa ya kukata vyuma haipati mahali pa kushika. Mwambie pia achomelee pini za bawaba, kwa sababu mlango ukifungukia nje wanazing'oa tu na kuingilia upande huo, na watu wengi hawaangalii hapo kabisa, inauma.

Kwa ngazi tukachanga tukaweka taa ya sola yenye sensa. Halafu tukaanza Nyumba Kumi, ule mpango wa serikali wa 2013 wa majirani kulinda mtaa pamoja, sasa majirani tunajuana na mama wa kibanda hapo geti akiona mgeni anatoka na mtungi anatupigia. Polisi ni 999 au 112, bure. Tangu hapo hakuna mlango umevunjwa.