Nilivyoanzisha shamba la kufundishia farasi na wapandaji Mufindi

Baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba la ng'ombe, kwa hiyo nilipanda farasi kabla sijaanza shule. Nilipokua nikafanya kazi hiyohiyo kwa watu, nikifunza farasi wachanga na kuwakata kwato, huku nikiweka akiba ya shamba langu. Watu wakiniuliza leo nilianzaje, huanza na mtaji. Mimi huwauliza kwanza: farasi wako ataishi?

Nchi yetu si nyepesi kwa farasi. Mabondeni kuna mbung'o, na penye joto na maji kuna usubi, kidudu kidogo kuliko mbu kinachoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ukimshika mapafuni, mara nyingi hufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Tiba yake haipo. Ndiyo maana niliweka shamba huku juu, upande wa Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, ambako Juni na Julai baridi ni kali na usubi hupungua. Hupungua tu, hawatoweki. Farasi wangu wote huchanjwa, na jua halijazama wako bandani, maana usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Asubuhi, kabla ya chakula, kila mmoja hupimwa joto, kisha napitisha kidole kwenye kishimo kilicho juu ya jicho lake. Kishimo kikiwa kimevimba, dalili ya ugonjwa huo, namwita daktari wa mifugo hapohapo.

Eneo niliomba kwa serikali ya kijiji. Uzio nilijenga kwa mabanzi, na bandani natandika maranda. Mafinga yote ni viwanda vya mbao, vitu hivyo havisumbui kupata. Vumbi la msumeno silichukui, linaharibu mapafu. Seng'enge nayo nimeikataa kabisa. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, hutazama baadaye, na waya wa miba utamchana mguu hadi mfupa.

Chakula ndicho kinachokula fedha. Farasi wa kilo 450 anataka kama kilo 8 za majani makavu kwa siku, na maji lita 30 au zaidi, awe amefanya kazi au hakufanya. Mvua zikikatika tunakata majani, tunaanika, tunafunga marobota ya kutuvusha mpaka Novemba. Mahindi huku ni tele, lakini nayatoa kwa kipimo, na yenye ukungu hayaingii getini, kwa sababu yanaweza kuharibu ubongo wa farasi na kumuua.

Lakini shamba la masomo husimama kwa farasi mwenyewe. Farasi wa mbio anajua kumsikiliza mpandaji hodari. Wa kufundishia lazima amvumilie asiyejua kitu. Nilinunua wakubwa, waliovuka miaka 10, waliokwisha kuona mengi. Hata hao niliwafunza upya. Kwanza kwa miguu, na kamba ndefu, mpaka wakasimama kwa sauti tu: "Taratibu... simama." Kisha nikapanda na kukaa vibaya kwa makusudi. Naegemea upande mmoja, naachia kikuku cha kukanyagia kining'inie, nampiga mbavu kwa visigino huku navuta hatamu, yaani vile mtoto wa siku ya kwanza atakavyofanya. Farasi akipunguza mwendo na kusimama, huyo anafaa. Akirusha kichwa, tunarudi kwenye kamba. Tukapitisha bodaboda, tukapepea kanga, tukafungua miavuli. Na kila farasi wa wanafunzi huvaa kamba shingoni, mwanafunzi aishike hiyo anapoyumba, asije akaning'inia kwenye lijamu, chuma cha kinywani, na kuumiza kinywa cha mnyama. Kinywa kikishakufa ganzi, umepoteza farasi.

Mama mmoja alimleta binti yake akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu hataanguka?"

"Iko siku ataanguka, mama. Ndiyo maana leo tunaanza na kuanguka."

Akabaki ukingoni akitazama mtoto akijiviringisha kwenye nyasi. Wiki iliyofuata akamleta na mdogo wake.

Ada za masomo peke yake hazitoshi, kwa sababu wanafunzi huja Jumamosi na Jumapili, na farasi hula siku saba. Kwa hiyo nafunza farasi wa wengine na kuwatunza kwa malipo ya mwezi. Samadi nawauzia wakulima wa parachichi, nao kila mara wanataka zaidi.

Vijana wawili wa kijijini sasa wanajifunza kazi hii kwangu, na mmoja tayari anaongoza wanaoanza. Kuna jike mmoja tunamfunza, mpole, mwenye hatua laini, ila mwavuli ukifunguka bado anaruka pembeni. Mpaka auzoee, hapandishwi mtoto.