Mpaka ionekane nia yake

Wifi ameondoka Jumapili, na maneno yake ameniachia hapa sebuleni katikati ya maboksi. (Ndiyo, tumehama hatimaye, na baba watoto amepata ile zamu ya mchana aliyoisotea. Hayo nitayaandika siku nyingine.)

"Wangesubiri kidogo tu," alisema.

"Wangesubiri mpaka nini kitokee?"

"Mpaka ionekane nia yake."

Tulikuwa mbele ya kioo cha magorila, pale bustani ya wanyama ya Cincinnati. Dume mmoja mkubwa, mgongo mzima umeota mvi, alikuwa amekaa anachambua majani ya letusi. Anashika jani kwa vidole viwili, anachana ile sehemu laini, anakula, halafu ule uti mweupe wa katikati anauweka chini kando ya goti. Jani lingine, vilevile. Bwana Mdogo alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, pumzi zake zinatia ukungu. Wifi akamtazama yule dume kimya kwa muda, ndipo akamtaja Harambe, yule gorila dume aliyepigwa risasi hapohapo mwaka 2016, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Nilikuwa na la kumjibu. Lakini yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, tena mgeni wangu, na mtoto naye akaanza kulilia bisi. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo namjibu kila saa. Namjibu nikiosha vyombo, namjibu kwenye basi la kwenda kazini, jana nimemjibu kwa sauti nikiwa kwenye lifti peke yangu.

Namwambia: wifi, tuanze na siku yenyewe. Tarehe 28 Mei 2016 mtoto wa miaka mitatu alipenya uzio akaanguka kwenye mtaro wenye maji, karibu mita nne na nusu chini. Magorila majike wawili waliitwa, wakatii, wakaingia ndani. Harambe hakuingia. Alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja tu kabla, uzito wake karibu kilo 200. Kwa dakika kama 10 alikuwa na yule mtoto: mara amsimamishe, mara amshike nguo, mara amburute majini kwa kasi, na huku juu watu wanapiga mayowe. Hiyo nia ungeiona wapi? Aliyekuwa anamrekebisha mtoto suruali na aliyekuwa anamburuta ni yuleyule, katika dakika zilezile.

Wifi alikuja na mifano, na mifano yake ni ya kweli. Jambo, gorila dume wa kisiwa cha Jersey, mwaka 1986, alisimama karibu na mtoto aliyezimia akampapasa mgongo, hakumdhuru. Binti Jua, gorila jike, pale bustani ya Brookfield karibu na Chicago, mwaka 1996, alimbeba mtoto aliyeanguka hadi kwenye mlango wa watunzaji, na mwanawe mwenyewe yuko mgongoni. Nikiisoma habari ile ya Binti Jua machozi hunilenga hadi leo. Lakini waliokuwa wamesimama Brookfield siku ile hawakujua kuwa wanaangalia habari njema mpaka ilipokwisha. Sisi tunaijua kwa sababu tumeipata ikiwa imeshakamilika.

Kisha namletea Bokito, gorila dume wa bustani ya Rotterdam, mwaka 2007. Alivuka handaki la maji, akamkamata mwanamke mmoja, akamburuta, akamng'ata, akamvunja mifupa. Na hapa najua wifi angenirukia: Bokito si alipigwa sindano ya usingizi, akalala, akaishi mpaka 2023? Ni kweli. Lakini sindano ilipompata alikuwa ameshaingia mgahawani. Yule mama alikuwa ameshatoka mikononi mwake, na madhara yalikuwa yameshampata.

Sindano naijua, ndiyo kazi yangu. Mnaonisoma tangu nilipoanza zamu za usiku mnakumbuka. Mgonjwa akichachamaa tunamshika watatu, nesi mmoja anachoma pajani, halafu kinachofuata ni kungoja. Dawa haifiki papo hapo. Tena dakika za kwanza baada ya sindano mara nyingi huwa mbaya kuliko za kabla yake, kwa sababu sasa ameumia na haelewi aliyemuumiza ni nani. Mkono wake unakaza kwenye chochote alichokishika. Safari moja ilikuwa tai ya daktari. Huyo ni binadamu wa kilo 70, na katikati ya miguu yake hakuna mtoto wa mtu. Waliompiga Harambe risasi walipiga mtoto akiwa katikati ya miguu yake.

Kwa hiyo nasema waziwazi: walifanya lililopasa. Mkurugenzi wa bustani, Thane Maynard, alisema baada ya siku mbili kwamba wangeamua vilevile tena, nami nilimwamini, kwa kuwa aliyasema mbele ya watu waliokuwa wakimlilia mnyama aliyekuwa wake. Na wifi nampa haki yake: yule mama wa mtoto hakumgusa. Wengine walimtukana mitandaoni hadi basi, na mwendesha mashtaka, Joe Deters, alipotangaza tarehe 6 Juni kwamba hatashtakiwa, wakamtukana upya.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeshiba hoja zangu. Jana usiku baba watoto, akikunja maboksi, akaniambia kama jambo la kawaida tu: "Dada mwaka ule wa Mohawk alikuwa Kitengela, unajua?"

Sikujua.

Mohawk alikuwa simba dume wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, anajulikana kwa mtindo wa manyoya yake. Tarehe 30 Machi 2016 alikuwa Isinya, kaunti ya Kajiado, mbali na hifadhi, umati umemzunguka, watu wanapiga picha kwa simu. Alimjeruhi mtu mmoja, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakampiga risasi wakamuua. Harambe alikufa miezi miwili baadaye. Baba watoto anasema dada yake alikuwa akimwona Mohawk tangu akiwa kijana, na alimpigia simu usiku ule analia hadi maneno hayasikiki. "Wangesubiri kidogo tu." Huenda maneno hayo aliyatamka kwa mara ya kwanza siku hiyo, mimi nikayasikia mbele ya kioo miaka mingi baadaye nikadhani ananibishia.

Basi zile hoja zimenitoka mikononi. Jibu langu halijabadilika, ila hamu ya kumjibu imekwisha. Sasa kinachonikera ni uzio. Eneo lile la magorila lilifunguliwa 1978, na bustani ilisema hakuna mgeni aliyewahi kupenya kabla ya siku ile. Walipofungua tena tarehe 7 Juni walikuwa wameweka uzio wa sentimita 107, mbao imara juu na chini, na wavu wa kamba. Umepanda kama sentimita 15. Nimesimama pale Jumamosi, wavu nimeushika kwa mkono wangu. Ni kamba ya kawaida, imefungwa mafundo. Iliwezekana kufungwa wakati wowote. Mwenye bunduki alipoitwa hakuwa tena na kitu cha kupima, kwa sababu upimaji ulifanyika zamani, siku mtu alipoamua kimo cha ukuta na wengine wakatia sahihi.

Nilitaka kumpigia wifi nimwambie hivyo, kisha nikakumbuka kwamba kwao hoja hiyo haisimami vizuri. Upande wa kusini wa hifadhi ya Nairobi umeachwa wazi makusudi, ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Kitengela na kurudi, na simba huwafuata. Ukiziba pale, simba hatoki, lakini na hifadhi yenyewe umeinyonga. Hapo wifi atanishinda. Nitampigia hata hivyo, nimuulize habari za Mohawk, alikuwaje akitembea.

Ila si leo, leo akili haipo. Mdogo wangu wa Tanga hajanijibu tangu Jumanne. Nilimuuliza kama dawa za presha za mama zimepatikana, maana lile duka la Ngamiani walimwambia zimeisha, na mama akiachwa mwenyewe huzigawa nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Kukikucha kwao nampigia jirani.